Ugomvi wa Ndoa na Funguo za Nyumba: Jinsi ya Kulinda Haki ya Kuitumia Mali Kabla Mahakama Haijaamua

Mara nyingi majirani hutambua kwamba ndoa ya wenzao imeharibika siku wanapoona kufuli jipya getini. Mmoja wa wanandoa amekwenda kazini au msibani, amerudi jioni, na ufunguo wake hauingii tena. Watoto wamo ndani, nguo zake zimo ndani, na kabati lenye vyeti pamoja na karatasi ya mauziano ya kiwanja limo ndani pia. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya jioni hiyo na wiki zinazoifuata, yaani kipindi ambacho ndoa bado ipo kisheria, talaka haijatolewa, na hakuna mahakama iliyokwisha kusema nani achukue nini.

Maelezo yanahusu Tanzania Bara, ambako ndoa zote, ziwe za Kikristo, za Kiislamu, za kimila au za kiserikali, zinatawaliwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo katika juzuu za sheria ni Sura ya 29. Aliye Zanzibar hatawaliwi na sheria hiyo, na mashauri ya ndoa za Waislamu huko hupelekwa katika Mahakama ya Kadhi, kwa hiyo hatua zinazofuata zisichukuliwe kuwa zinamfaa yeye.

Hatua ya kwanza: tenganisha maswali mawili

Watu wengi hufika kwa msaidizi wa kisheria wakiuliza, «Hii nyumba ni ya nani?» Swali hilo ni halali, lakini si la jioni ya kufuli. Swali la jioni hiyo ni nani ana haki ya kulala humo leo. Haki ya kumiliki na haki ya kukaa ni vitu viwili, na kila kimoja kina mlango wake. Umiliki hugawanywa na mahakama mwishoni, inapotoa amri ya talaka au ya kutengana. Haki ya kukaa na kutumia ipo tangu siku ya ndoa na haisubiri talaka.

Kuhusu umiliki, sheria haisemi kwamba ndoa inageuza kila kitu kuwa cha wote. Kifungu cha 58 kinaeleza kuwa ndoa yenyewe haibadilishi umiliki wa mali ya mume au ya mke, na kifungu cha 56 kinampa mwanamke aliyeolewa haki sawa na ya mwanamume ya kupata mali, kuishika na kuiuza. Mali iliyoandikwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa ni yake, hadi mwenzake alete ushahidi wa kupinga dhana hiyo. Iliyoandikwa majina ya wote wawili huchukuliwa kuwa wanaimiliki kwa usawa. Zawadi ambayo mmoja alimpa mwenzake wakati wa ndoa, kwa mfano cherehani, pikipiki au dhahabu, huchukuliwa kuwa ni ya aliyepewa, na mtoaji hawezi kuinyakua kwa sababu tu amekasirika.

Kuhusu haki ya kukaa, kifungu kinachotakiwa kukaririwa ni cha 59.

Hatua ya pili: jua nyumba ya ndoa ni ipi

Kifungu cha 59 kinalinda nyumba ya ndoa, na sheria inaieleza nyumba hiyo kuwa ni jengo, au sehemu ya jengo, ambamo mume na mke huishi pamoja kwa kawaida. Neno «sehemu» lina uzito wake: wanaoishi katika vyumba viwili vya nyumba kubwa ya ukoo nao wana nyumba ya ndoa. Ua na majengo ya nje, kama jiko au banda, huhesabiwa pamoja na nyumba hiyo pale eneo lote linapotumika kwa makazi tu. Vilevile, nyumba ikiwa katika ardhi ya kilimo, kipande cha shamba ambacho mume alimpa mkewe, au mke alimpa mumewe, akitumie peke yake, nacho huhesabiwa kuwa sehemu ya nyumba ya ndoa. Kwa mke wa kijijini anayelima ekari moja aliyoonyeshwa na mumewe tangu aolewe, sentensi hiyo ya sheria inaweza kuwa na thamani kuliko nyumba yenyewe, na inashangaza jinsi isivyotajwa mara nyingi barazani.

Katika ndoa ya wake wengi kila mke ana nyumba anamoishi na mume, na hadhi ya wake wote mbele ya sheria ni sawa. Kwa hiyo mke wa kwanza haondolewi nyumbani mwake ili kumpisha mdogo, na mdogo pia haondolewi kwa hoja kwamba alikuja nyuma.

Nyumba ikishakuwa ya ndoa, mwenzi ambaye jina lake limo kwenye hati hawezi kuiuza, kuigawa, kuipangisha wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa ingalipo. Akifanya hivyo, mwenzi ambaye hakuridhia anabaki na haki ya kuendelea kuishi humo hadi ndoa ivunjwe au mahakama iamue vinginevyo. Anayeweza kukingwa na sheria ni mnunuzi aliyelipa thamani pasipo kujua wala kuwa na sababu ya kujua kwamba kuna mwenzi. Aidha, mwenzi aliyetelekezwa hafukuzwi katika nyumba ya ndoa kwa matakwa ya aliyemtelekeza, isipokuwa katika mazingira machache, kama vile nyumba inapouzwa kutekeleza hukumu ya deni.

Hatua ya tatu: ukifungiwa nje

Usivunje. Nalisema hili nikijua kwamba anayeishi katika nyumba hiyo si mvamizi, lakini kufuli lililovunjwa usiku huzaa ngumi, na asubuhi yake shauri linakuwa la shambulio badala ya nyumba, na aliyefungiwa ndiye anayejikuta akitoa maelezo polisi.

Nenda siku hiyohiyo, au asubuhi yake, kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa au wa kijiji, ukiongozana na balozi wa nyumba kumi au jirani mmoja asiye ndugu wa upande wowote. Eleza kwamba umefungiwa nje ya nyumba unayoishi, omba aitwe mwenzako, na omba jambo hilo liandikwe: tarehe, saa, waliokuwepo, na kila upande ulichosema. Mwenyekiti hana mamlaka ya kuamua nyumba ni ya nani, na akijaribu kuamua umkumbushe kwa adabu kwamba hukuja kwa ajili hiyo. Unachotaka kwake ni kufunguliwa mlango kwa amani au, hilo likishindikana, maandishi yenye mhuri yanayoonyesha kwamba ulifukuzwa na hukuondoka kwa hiari yako. Karatasi hiyo itafaa miezi sita baadaye, pale upande wa pili utakapodai kwamba uliitoroka ndoa.

Ikiwa kumekuwa na kipigo au vitisho, anzia kituo cha polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, na ukiwa umeumia chukua fomu namba 3 ya polisi, yaani PF3, kabla ya kwenda hospitali. Sheria ya Ndoa inakataza waziwazi mume kumpiga mke au mke kumpiga mume. Ukienda kueleza habari za kufuli peke yake, huenda ukaambiwa kwamba hayo ni mambo ya ndoa na urudi mkazungumze. Jibu hilo linaudhi, lakini lisikukatishe tamaa. Omba angalau wasindikize uchukuaji wa vitu vya lazima, kama dawa, sare na madaftari ya watoto, vyeti vya shule na vyombo vya kazi yako.

Unapoingia kuchukua vitu hivyo, viorodheshe mbele ya mashahidi, msaini wote, na usibebe samani wala vyombo vya nyumba kwa siri. Anayeondoka na lori usiku hujidhoofisha, kwa maana kesi ya nani anahamisha mali itamwangukia yeye.

Kama unalazimika kuondoka kwa usalama wako, ondoka. Kuondoka ili kuokoa maisha hakufuti haki yako katika mali, alimradi sababu ya kuondoka iwe imeandikwa mahali fulani, iwe polisi, kwa mtendaji wa kata au kwa afisa ustawi wa jamii.

Hatua ya nne: kusanya karatasi mapema

Mahakama ya Rufani imerudia katika hukumu zake kwamba kiwango cha mchango wa kila mwenzi ni suala la ushahidi. Maana yake ni kwamba anayesema «tulichuma pamoja» bila kuonyesha walichumaje, anamwachia hakimu kazi ya kubahatisha.

Piga picha, kwa simu, hati miliki, barua ya ofa ya kiwanja, leseni ya makazi, hati ya haki miliki ya kimila kwa walio vijijini, au karatasi ya mauziano iliyosainiwa mbele ya serikali ya mtaa, ambayo ndiyo pekee waliyo nayo wengi katika maeneo yasiyopimwa. Piga pia picha ya kadi ya gari, leseni ya biashara, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Zitume kwa mtu unayemwamini, kwa sababu simu nayo huweza kunyang'anywa. Kupiga picha kunatosha. Kuondoka na hati halisi iliyo na jina la mwenzako peke yake huongeza ugomvi mwingine juu ya uliopo.

Mama mmoja alinijia na bahasha ya kaki iliyokunjamana akiamini hana chochote, kwa kuwa kiwanja kiliandikwa jina la mume. Ndani ya bahasha mlikuwa na risiti za saruji na mabati, na daftari dogo la kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, lenye mihuri ya marejesho. Tulipoziweka mezani sambamba, mkopo aliouchukua kikobani ulikuwa umetangulia risiti ya mabati kwa siku nne tu. Paa la nyumba ile lilikuwa limeezekwa kwa mkopo wake, na siku nne zile zilisema hivyo wazi kuliko shahidi yeyote. Tafuta, kwa hiyo, karatasi za namna hiyo: marejesho ya mkopo, miamala ya simu kwenda kwa fundi, ujumbe wa kuulizana bei ya matofali, na majina ya mafundi waliokuwa wakipokea chakula na malipo mkononi mwako.

Hatua ya tano: zuia mali isiuzwe

Hapa ndipo muda unapopotea zaidi. Kifungu cha 59 kinatambua kwamba mwenzi asiyeandikwa kwenye hati ana maslahi yanayoweza kulindwa kwa pingamizi, ambalo katika ofisi za ardhi huitwa kaveti. Kwa ardhi iliyosajiliwa, nenda ofisi ya Msajili wa Hati inayohudumia mkoa wako ukiwa na cheti cha ndoa, namba ya hati au ya kiwanja na kitalu, na kiapo kinachoeleza kwamba hiyo ni nyumba ya ndoa na ndoa ingalipo. Pingamizi likishaandikwa kwenye daftari, uhamisho wa hati haupiti kimyakimya. Halidumu milele, kwa kuwa mwenye jina kwenye hati anaweza kwenda mahakamani kudai liondolewe, na ndiyo maana hatua ya baraza na ya mahakama haipaswi kuahirishwa eti kwa sababu pingamizi lipo.

Kwa ardhi isiyosajiliwa hakuna daftari la kuandika pingamizi. Andika barua kwa ofisi ya serikali ya mtaa au ya kijiji, ambako mauziano hushuhudiwa, ueleze kwamba hujaridhia mauzo na hutaridhia, na ubaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Barua hiyo haina nguvu ya amri, lakini inamwondolea mwenyekiti kisingizio cha kutojua, na inamwondolea mnunuzi atakayeulizia pale kinga ya kudai alinunua bila taarifa.

Ukisikia habari za mkopo wa benki, iandikie benki husika. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka rehani ya nyumba ya ndoa iwe na ridhaa ya mwenzi anayeishi humo, na inamtaka anayekopesha au kununua achunguze kama ridhaa hiyo ipo. Wakopaji wengine huapa mbele ya wakili kwamba hawajaoa au hawajaolewa. Kiapo cha namna hiyo kikikutana na cheti cha ndoa mapema, kabla fedha hazijatoka, kazi huwa nyepesi mno kuliko baada ya mnada kutangazwa. Kama wewe ndiye unayewekewa fomu ya ridhaa mbele yako usaini, soma kiasi cha mkopo, na kataa kusaini karatasi ambayo nafasi zake zimeachwa wazi.

Sheria hiyohiyo ya Ardhi ina jambo jingine la kukumbuka: mwenzi ambaye kwa nguvu zake ameiendeleza, ameitunza au ameifanya izalishe ardhi iliyo na jina la mwenzake, huchukuliwa kuwa amepata maslahi katika ardhi hiyo. Kulima, kupanda miembe na kumwagilia ni kazi inayohesabika.

Hatua ya sita: fedha, gari na biashara

Akaunti ya benki yenye jina la mmoja haifunguki kwa mwenzake kwa sababu ya ndoa, na kujua namba ya siri ya simu ya mwenzako si ruhusa ya kuzihamisha fedha zake. Akaunti ya pamoja hutegemea maagizo mliyotoa mlipoifungua: kama yeyote mmoja anaweza kutoa fedha, inaweza kukombwa mchana mmoja, kwa hiyo iandikie benki mapema ukiomba kwamba kuanzia sasa saini za wote wawili zitakiwe.

Kuhusu matumizi ya kila siku, mume ana wajibu wa kumpatia mkewe makazi, mavazi na chakula kulingana na uwezo wake, na mke mwenye uwezo anaubeba wajibu huo kwa mume ambaye maradhi au ulemavu vimemzuia kujipatia kipato. Sheria inadhani pia kwamba mke anayeishi na mumewe ameruhusiwa kutumia fedha za mume zilizo mikononi mwake, au hata kukopa dukani kwa jina lake, kwa mahitaji ya lazima yake na ya watoto, kulingana na hali ya maisha ya mume huyo. Chukua unga, mafuta na dawa, na utunze risiti. Usitumie mlango huo kununulia kitenge cha harusi. Mahakama inaweza kuamuru matunzo yalipwe wakati shauri la ndoa linaendelea, bila kusubiri mgawanyo wa mali.

Gari na biashara havina kinga iliyopewa nyumba ya ndoa na kifungu cha 59, ndiyo maana huyeyuka kwanza. Njia ya kuvilinda ni amri ya zuio kutoka mahakamani. Wakati huo, andika namba ya usajili ya gari, piga picha ya bidhaa zilizopo dukani, na orodhesha madeni ambayo biashara inadai na inayodaiwa.

Hatua ya saba: Baraza la Usuluhishi

Kabla ya kufungua shauri la talaka, kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa kinataka mgogoro upelekwe katika Baraza la Usuluhishi la Ndoa, liwe la kata au la jumuiya ya dini lililotambuliwa. Wanaosamehewa ni wachache, kwa mfano ambaye hajui mwenzake aliyemtelekeza yuko wapi, au ambaye mwenzake amekataa kwa makusudi kufika barazani. Kikao cha ukoo, hata kikiongozwa na wazee wenye busara, si baraza hilo, na muhtasari wake haukubaliki badala ya hati ya baraza.

Baraza likishindwa kusuluhisha, hutoa hati inayosema hivyo. Angalia tarehe yake: hati hiyo isiwe na zaidi ya miezi 6 siku unapofungua shauri. Wengi huifungia kabatini wakisubiri mwenzao abadilike, kisha huambiwa waanze upya.

Baraza halina mamlaka ya kugawa mali. Likikuambia uchukue kitanda na magodoro, yeye abaki na nyumba, na usaini hapo mmalize, usisaini. Saini hiyo itatolewa mahakamani kama makubaliano.

Hatua ya nane: mahakamani

Shauri la ndoa linaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu. Pamoja na hati ya madai, omba mambo matatu ya muda: mali zisihamishwe wala kuuzwa hadi shauri liishe, uruhusiwe kuendelea kuishi katika nyumba ya ndoa au kuirudia, na mwenzako azuiwe kukusumbua. Kama mnunuzi anatarajiwa wiki hiyo, ambatanisha hati ya dharura na ushahidi wake. Hakimu hawezi kuhisi haraka ambayo hujaionyesha. Nyumba ikiwa imekwisha kuuzwa kwa mtu mwingine, mgogoro na mnunuzi kwa kawaida hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mabaraza ya kata, tangu marekebisho ya mwaka 2021, yamebaki na kazi ya kusuluhisha migogoro ya ardhi, si kuihukumu.

Mgawanyo wenyewe hufuata kifungu cha 114. Mahakama huangalia mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi, madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote, mahitaji ya watoto wadogo na desturi za jamii ya wahusika, na baada ya hapo huelemea upande wa usawa. Mali ambayo mmoja alikuwa nayo kabla ya ndoa huingia ikiwa iliendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake au kwa juhudi za wote.

Kazi za nyumbani ni mchango. Hilo liliwekwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ambalo hutajwa katika karibu kila semina ya haki za wanawake. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata mgao aliouomba, kwa sababu mahakama iliona kwamba alikwisha kupewa na mumewe fedha za kuanzishia biashara na akazitapanya, hivyo ikahesabu kwamba alilipwa sehemu yake mapema. Anayetapanya mali ya familia wakati wa ugomvi, mume au mke, akumbuke nusu hiyo ya pili ya hukumu.

Waliokaa pamoja bila cheti nao wasikate tamaa. Mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka 2 au zaidi, wakitambulika kwa watu kama mume na mke, hudhaniwa kuwa wameoana, na hata dhana hiyo ikipingwa kwa mafanikio, mahakama bado inaweza kutoa amri za matunzo na mgao. Leta majirani, barua za shule za watoto, na kadi ya kliniki yenye majina yenu wote wawili.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kwenda kwa wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako walipo.

Hukumu ikitoka, omba nakala ya hukumu na ya tuzo, yaani amri rasmi inayotokana na hukumu hiyo, siku hiyohiyo kwa maandishi, kwa kuwa Sheria ya Ndoa imeweka siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Kama umeridhika na nyumba imeangukia kwako, usihesabu funguo peke yake: chukua tuzo uende nayo kwa Msajili wa Hati, au ofisi ya kijiji kwa ardhi ya kimila, jina libadilishwe, na pingamizi uliloliweka mwanzoni uliondoe siku hiyohiyo ya kubadilisha jina, wala si kabla yake.